Mimba Moja, Wanawake Watatu

Siku ya kuniaga mliniandalia soda na keki, mkanipa na saa ya ukutani, kana kwamba mstaafu ana haja ya kujua ni saa ngapi. Kisha mmoja wenu akaniomba niwaandikie kidogo juu ya miaka yangu ya ukaguzi katika ofisi ya kazi hapa Dodoma. Nimekubali kwa sharti moja: sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala nani alinipita, maana habari hizo hunipandisha presha, na daktari amenikataza. Nitaeleza watu walioniletea kazi, na hasa mwanamke mmoja wa shamba la zabibu ambaye, kwa mujibu wa vitabu vya mwajiri wake, alibeba mimba moja akiwa wanawake watatu.

Nilianza kazi mwanzoni mwa ile miaka ya ruksa. Maduka ya ushirika yalikuwa yanafungwa, vibanda vinafunguliwa, na kila mwenye kofia mbili aliuza moja akajiita mfanyabiashara. Serikali ilikuwa inajiondoa kwenye mashamba yake polepole, wenye uwezo wanaingia, na wengi wao waliamini kwamba ruksa ya kuuza na kununua ni ruksa ya kila kitu. Sheria ya kazi ilikuwa palepale kabatini. Hakuna aliyeifuta, ila watu walianza kuipita kama wanavyompita mzee wa kanisa aliyesinzia.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Kalinga, Mhehe kutoka Iringa. Mimi ni Mgogo wa hapa hapa, kwa hiyo tulikuwa watani hata kabla hatujajuana majina. Asubuhi ya kwanza alinipapasa mifuko mbele ya watu wote, akitafuta bakuli la kuombea ambalo husemwa Mgogo haliachi. Nami nikamuuliza kama mbwa wake alifika salama au alimla njiani. Mpiga chapa wetu, aliyehamia kutoka Bukoba juzi yake, alidhani tunagombana akaenda kumwita askari wa getini.

Mzee Kalinga alinikabidhi vitendea kazi: mfuko wa turubai, fomu, karatasi za kaboni na baiskeli isiyo na breki. Kisha akanipa kile ambacho hakimo kwenye orodha ya vifaa. Ukifika kwenye nyumba ya mtu, alisema, usiulize kama wana mfanyakazi, kwa sababu utaambiwa hawana. Omba maji ya kunywa. Mwenye nyumba ataita jina, na atakayeitika ndiye uliyemfuata. Katika miaka yangu yote sijaona mtoto wa kuzaa wa nyumba ya mkubwa akinyanyuka kumletea mkaguzi maji.

Tuliitumia mbinu hiyo kwa mke wa mkubwa mmoja wa wizara. Maji yalikuja kwenye trei, yameletwa na binti mwenye mikono iliyochubuka kwa sabuni. Yule mama akawahi kutuambia kwamba huyu si mfanyakazi, ni mdogo wake kabisa. Mzee Kalinga akampongeza kwa kuwa na mdogo mwenye adabu, akanywa nusu ya glasi, halafu akauliza baba yao anaitwa nani. Mama akataja jina moja na binti akataja jingine. Mama hakutetereka, akasema wamechangia mama. Mzee akauliza jina la mama, na hapo yule mama akakumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni.

“Sisi Wahehe tuna ndugu wengi,” Mzee aliniambia tulipotoka, “lakini wote wanakula mezani.”

Msinione nawacheka wengine tu. Jioni moja nilirudi nyumbani nimejaa sheria hadi shingoni, nikamsomea mke wangu ukurasa wa siku ya mapumziko kwa juma, kwa sauti ya mahubiri. Rehema, binti aliyetusaidia kazi za nyumbani tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe, alikuwa anaosha vyombo karibu yetu. Jumapili iliyofuata alitokea sebuleni amevaa kitenge kipya na raba nyeupe. Akaniuliza kwa upole, “Kaka, ule ukurasa uliosoma, na nyumba hii imo?” Nilimtazama mke wangu, mke wangu akanitazama mimi. Siku hiyo nilisonga ugali kwa mkono wangu, na mlenda niliopika watoto bado wanausimulia kwenye harusi. Tangu hapo Rehema hakukosa Jumapili yake hata moja, na mimi nilijifunza kusoma sheria kimoyomoyo.

Wachungaji walitusumbua zaidi kuliko wafanyakazi wa ndani, kwa sababu makubaliano yao yalikuwa ya mdomo na shahidi pekee alikuwa ng'ombe. Kule Chemba, enzi hizo ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Kondoa, kijana mmoja alichunga kundi la tajiri kwa ahadi ya mtamba mmoja kila mwaka. Mitamba aliwapata, lakini walibaki kwenye kundi lile lile, na fisi wa upande ule alikuwa na adabu ya ajabu: hagusi ng'ombe wa tajiri, anakula wa mchungaji tu. Kila asubuhi ya msiba tajiri alimpa pole mwenyewe kabisa. Mzee Kalinga hakubishana naye. Aliwaita wazee wa kijiji, akaomba mtamba aliyebaki akatwe alama ya sikio ya ukoo wa kijana hapo hapo, mbele yao wote. Basi yule fisi akakosa hamu ya kula.

Mzee Kalinga alistaafu, akarudi Iringa, akaniachia mfuko wake wa turubai na tusi moja la utani ambalo siwezi kuliandika hapa. Nikabaki na baiskeli isiyo na breki na wilaya nzima. Mwaka uliofuata ndipo mwanamke wa zabibu alipoingia ofisini.

Mimba yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba niliinuka kumpa kiti kabla ya salamu. Alinisalimu kwa Kigogo, mbukwenyi, akaketi, akavua kandambili, akafungua fundo la khanga na kutoa kipande cha kibarua. Kilisema Agatha, kazi ya shambani, ameanza miezi miwili na kitu iliyopita. Nilitoa jalada jipya nikaandika juu yake jina hilo, kwa mwandiko wangu mzuri. Nikamuuliza Agatha ana shida gani.

Akasema Agatha anaisha wiki ijayo.

Nikamuuliza anamaanisha nini, akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Pale shambani hakuna anayefikisha miezi mitatu. Ikikaribia, karani anakufuta kitabuni, na kesho yake anakuandika upya kwa jina jingine. Kazi ni ile ile, mistari ya mizabibu ni ile ile, na chumba kambini ni kile kile. Kabla ya Agatha aliitwa Sesilia, na alipopata mimba alikuwa Monika. Kambini wenzake humwita Mshoto, kwa sababu hutumia mkono wa kushoto. Sasa nyapara amemwambia kwamba Agatha akiisha hakutakuwa na jina la nne. Atoke kambini na vitu vyake, kwa kuwa shamba halilei watoto.

Kwao ni mbali, upande wa Mlali, na mume hakuwa naye. Aliniambia hataki kitu kingine chochote ila abaki kwenye kile chumba mpaka ajifungue, kisha arudi kwenye mistari yake.

“Sitaki nijifungulie barabarani, Bwana Kazi,” alisema.

Sheria ilikuwa upande wake kabisa, ila tu kama alikuwa mtu mmoja. Mtu aliyefanya kazi mfululizo kwa muda ule si kibarua wa leo na kesho, ni mwajiriwa, na mwajiriwa akijifungua ana likizo ya uzazi na kazi yake inamngoja. Akiwa Agatha wa miezi miwili hana kitu. Nilikuwa na siku chache za kuwaunganisha Monika, Sesilia na Agatha kabla mtoto hajaamua kutoka mwenyewe.

Shambani nilipokewa na meneja, Bwana Gabrieli, mtu mwenye kofia safi na maneno safi zaidi. Alinipa rejista bila kusita. Niliisoma nikaona jambo la kuchekesha. Vibarua walioandikwa wiki moja walikuwa na majina ya watakatifu wa wiki hiyo hiyo, nao wamepangwa kwa utaratibu kama wanaingia misa. Nikainua macho, na kwenye ukuta nyuma ya karani ilining'inia kalenda ya kanisa. Karani alikuwa mcha Mungu na hakupenda kubuni uongo wake mwenyewe, kwa hiyo aliuazima huko. Hata Mzee Rajabu wa kwenye pampu ya maji, ambaye hajakosa swala tangu abalehe, alikuwa ameandikwa Ignasi. Nilimuuliza pembeni anajisikiaje. Akasema Ignasi hana neno, ila mwezi wa tano walimwita Ponsiano na mke wake akakataa kumwitikia.

Bwana Gabrieli alikuwa na hoja yake, na ilisimama vizuri kwa miguu yake yote. Monika aliondoka bila mimba, alisema, akaenda kuolewa. Sesilia aliondoka bila mimba, akarudi kwao. Agatha amekuja na mimba yake mwenyewe kutoka anakokujua, sasa kosa la shamba ni lipi? Nikajaribu kupiga picha ile safari: mtoto alianzia kwa Monika, akahamia kwa Sesilia, na kupiga mateke akaanzia kwa Agatha. Hata abiria wa Singida habadilishi gari mara nyingi hivyo.

Ushahidi wa watu haukupatikana. Kambi nzima ilimjua Mshoto, lakini kila mmoja alikuwa na jina lake la kuazima linalokaribia kwisha, na waliponiona walianza kutazama mawingu, ingawa hayakuwepo. Nikaenda kwenye mizabibu yenyewe. Kila mpogoaji pale alipewa mistari yake, akaweka kitambaa chake kwenye nguzo ya mwanzo, na hakuna mwingine aliyeigusa. Mistari sita ya karibu na kisima ilikuwa na kipande cha khanga ya buluu, na kitabu cha mistari kilisema imetunzwa na Monika, kisha Sesilia, kisha Agatha. Mikato ya msimu uliopita na ile ya wiki ile yote ililala upande mmoja, upande ambao mkato wa mistari mingine yote haulali. Kamba za katani zilizofungia matawi kwenye waya nazo zilizungushwa kinyume.

Nilimwonyesha Bwana Gabrieli. Akasema dunia ina washoto wengi, na huenda wote watatu ni washoto. Nilichukia, nikaandika hati ya wito hapo hapo: siku saba kutoka leo, shamba liwalete Monika na Sesilia mbele ya afisa kazi, shambani, pamoja na Agatha, na mpaka siku hiyo Agatha asiguswe. Niliandika nikijua kwamba wanawake hao hawapo, nikiamini atakuja kusalimu amri. Nilimdharau.

Siku ya saba nilikuta wanawake wawili wamekaa kwenye benchi mbele ya ofisi, wamepaka mafuta, wana vipande vyao mkononi. Mmoja alikuwa mnene na mchangamfu, akajitambulisha kuwa Monika na kunitajia tarehe alizofanya kazi kabla sijamuuliza. Mwenzake, Sesilia, alikuwa mkimya, na mwalimu aliyemfundisha tarehe zake hakuwa amemaliza somo. Bwana Gabrieli alinikaribisha chai. Moyoni nilikubali kwamba serikali ilipoteza mkaguzi mzuri siku mtu huyu alipoamua kuwa meneja. Mshoto alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, ananitazama kuona nitafanya nini, na kwa kweli sikujua.

Nikanywa chai. Ulikuwa msimu wa kupogoa, na karibu na mlango zilining'inia mikasi. Nikasema hatuna haja ya maneno mengi, twende kwenye mistari ya kisimani, kila mmoja anionyeshe alivyokuwa akifanya kazi. Bwana Gabrieli akasema hakuna sababu ya kuwasumbua akina mama kwenye jua. Nikamjibu kwamba nitakuwa na mwavuli.

Monika alipewa mkasi na mzabibu wa kwanza. Aliuzunguka mara mbili akiutazama kama mtu anayenunua mbuzi, kisha akakata tawi lenye afya kuliko yote, lile ambalo lingebeba zabibu za msimu ule. Bwana Gabrieli akakohoa. Sesilia, kuona mwenzake hakukaripiwa, akapata ujasiri. Alichuchumaa kwenye mzabibu wa pili akaanza kuukata chini kabisa, karibu na udongo, kama mtu avunaye mtama.

“Mama, subiri,” alisema Bwana Gabrieli. “Huo una miaka saba.”

Nikamwomba asiingilie mashahidi wake mwenyewe. Hawa si ndio waliotunza mistari hii, mmoja baada ya mwingine, naye akaridhika na kazi yao? Huenda huu ndio mtindo wao. Nikawapa kila mmoja mzabibu mwingine, na walipomaliza huo, na mwingine tena. Monika alikuwa ameanza kuifurahia kazi. Alikata kwa moyo wote, majani yakimwangukia kichwani, huku akinieleza kwamba amezoea. Wafanyakazi wa mistari ya jirani waliacha kupogoa wakasimama kuangalia. Nilihesabu nguzo kwa sauti mpaka mwisho wa mstari, nikasema tuna siku nzima.

Monika alipofika mzabibu wake wa nne, Bwana Gabrieli alivua kofia.

“Bwana Kazi, wazuie,” alisema. “Hawa hawajawahi kushika mkasi maisha yao.”

Karani, aliyekuwa anaandika kumbukumbu za kikao kwa ajili ya shamba, aliiandika sentensi hiyo pia, neno kwa neno, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu. Nikamwomba nakala.

Kisha Mshoto akainuka kwa kushikilia nguzo. Alichukua mkasi kwa mkono wa kushoto, akasimama ubavu ubavu ili tumbo lisiguse waya, akapogoa mzabibu mmoja kwa muda ambao mimi ningeutumia kufungua mwavuli. Mikato yake mipya ilikaa sambamba na ile ya zamani, na fundo la kamba lilijizungusha kinyume kama mengine yote. Bwana Gabrieli aliinama akaitazama ile kazi, kwa muda mrefu na kwa hamu. Alikuwa mkulima kabla hajawa mwongo, na nadhani ni ukulima ulioumia zaidi siku ile.

Tukarudi ofisini. Nilikuwa nimeanza kufunga mfuko wangu pale Monika yule mnene aliponivuta shati. Akasema yeye huuza vitumbua sokoni, na leo ameamshwa mapema akafanya kazi kwenye shamba hili mbele ya mashahidi wengi. Alitaka kujua sheria inasemaje juu yake na mwenzake. Sesilia naye akasogeza benchi karibu ili asikie vizuri. Bwana Gabrieli alikaa kitini bila kuangalia kama kipo.

Kisha akakubali kuandika barua niliyoidai kwa ajili ya Mshoto, kwa mkono wake. Ilisema kwamba huyu ni mwajiriwa wa shamba, kwamba atabaki kwenye chumba chake, kwamba atapata likizo yake ya uzazi na akimaliza atarudi kwenye mistari sita ya kisimani. Aliacha nafasi ya jina juu kabisa, tukabishana kidogo juu ya tarehe, akakubali. Mshoto alifuata kila mstari kwa macho, mkono mmoja juu ya tumbo. Nilijisikia mtu mkubwa, nawaambia ukweli. Nilikuwa tayari natunga namna nitakavyomsimulia Mzee Kalinga kwa barua.

Bwana Gabrieli akaweka kalamu kwenye ile nafasi ya juu.

“Niandike jina gani?” aliuliza.

Nikainua jalada langu nikasoma kwenye kifuniko. “Agatha,” nikasema.

Karani aliitazama kalenda yake, kisha akaangalia chini.

“Hata wewe, Bwana Kazi,” alisema yule mwanamke, bila hasira. “Wiki nzima unanitetea, hujaniuliza.”

Nilikuwa nimemwita Agatha ofisini, nikamwandika Agatha kwenye hati ya wito, na mwandiko ulikuwa mzuri kuliko wa karani. Nikamwuliza. Nilimwuliza kwa sauti ndogo, mbele ya watu wote waliokuwa pale, nikiwa nimesimama.

“Nyemo,” alisema. “Nyemo Mbogoni.”

Bwana Gabrieli alitaka kuandika. Nikamwomba kalamu kwanza, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na mengi zaidi ya kufuta.